Umeshuka Amu kusoma? Lala usiku mmoja kwanza ndo ununue laini

Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa hapa Amu (Lamu), ya mawe, na mamangu akodisha vyumba vya juu kwa wanafunzi tangu mimi niko darasa la nne. Wengi waja kusoma dini chuo cha Riyadha, wengine wafuata Kiswahili, watoka Ngazidja (Komoro), Unguja, Tanga, Bukavu, mwaka jana tulikuwa na mmoja wa Uturuki. Na kila mmoja wao, begi halijashuka mgongoni mwa punda, ashauliza "hapa laini gani nzuri?" Nimelijibu swali hilo mpaka ulimi umeota sugu, kwa hivyo naandika mara moja hapa, atakayeniuliza tena namtumia hii.

Jibu langu huwa "yategemea walala wapi", na mtu hudhani namkwepa. Simkwepi, ntaeleza.

Kwanza: usinunue kitu njiani

Ukitoka Tanzania kwa basi utavukia Horohoro uingie Lunga Lunga, na hapo hapo washaanza kukuita, laini, chenji, laini, chenji. Ukija kwa ndege ukatua Mombasa ama Nairobi utaona maduka uwanjani, hayo ni ya halali hayana neno, ila wewe bado hujui huko unakokwenda kunashika mtandao gani. Alafu kuna Mokowe, ambako basi zamalizikia, umekaa wangojea boti, umechoka, vumbi mpaka masikioni, kijana aja na laini ishawashwa tayari, "weka tu bro yafanya kazi, mia mbili". Hiyo ndo ya kukimbia.

Mgeni wetu mmoja wa Ngazidja aliinunua hiyo. Ikafanya kazi vizuri tu miezi miwili, akapiga simu, akaweka bando, na M-Pesa alikuta ishafunguliwa na PIN akapewa kwenye kikaratasi, akaona leo nimepata bahati. Siku babake akamtumia pesa za kodi na vitabu kupitia kwa jamaa yao wa Mombasa, meseji ikaingia tling, akatoka mbio kwa wakala kutoa. Wakala akataka kitambulisho, jamaa akatoa paspoti, wakala akatazama simu akatazama paspoti akatazama uso wa mtu, manake jina lililotokea ni la mwanamke. Akakataa kutoa, na haki yake. Wa pili naye vivyo hivyo. Magharibi haijafika laini ikazimika kabisa, ni kuwa mwenye jina lake huko aliko ameenda kuitoa upya, na pesa zikaenda naye. Kesho yake nlimpeleka dukani, yule dada wa kaunta akamuuliza kwa adabu tu, "wewe ndo fulani binti fulani?" Kijana na ndevu zake akanyamaza. Mpaka leo mamangu akikumbuka hucheka kisha husikitika, kwa sababu kodi ya mwezi ule ilibidi amsamehe.

Kwa hivyo laini isajiliwe kwa paspoti yako, mbele yako, ukiwa umesimama hapo waona. Na hiyo siku ya kwanza? Omba mwenye nyumba akupe waifai ama hotispoti uwaambie wa kwenu umefika salama. Usiku mmoja bila laini hufi.

Pili: pima chumba, na upime kweli

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, na hapa ndo watu huruka.

Kampuni kubwa za simu Kenya ni tatu, Safaricom, Airtel na Telkom. Mtu akisoma tangazo ataona zote zafika kila mahali, na mimi sibishi, barabarani yawezekana. Lakini wewe huji kulala barabarani. Nyumba za kale za Amu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene kama wa nusu mita hivi, zilijengwa kuzuia joto na kuweka siri za watu ndani, na mawimbi ya simu nayo zayazuia vile vile. Kwetu sisi ukisimama dakani, ukumbi wa mlangoni, kwenye baraza simu yasoma 4G imejaa. Ingia kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, yashuka lakini bado kuna kitu kwa kuwa juu ni wazi. Ukishaingia ndani, kile chumba cha nyuma chenye zidaka ukutani, yule mgeni wa Uturuki alikuwa hupenda kuweka simu yake kwenye kidaka ikae kama pambo, alafu ashangaa mbona mamake hampati siku nzima. Simu iko kwenye shimo la ukuta wa mawe! Nikamwambia ndugu yangu hapo ungeweka udi tu. Tukaisogeza dirishani, zikaingia meseji kumi na nne kwa mpigo.

Sasa kupima ni hivi. Usiku ule wa kwanza tafuta watu wawili watatu wenye laini tofauti, hapo nyumbani hawakosi, kwetu mamangu ana Safaricom, mimi nina zote mbili, hiyo na Airtel, jirani ana Telkom. Waombe simu dakika tano tano. Ingia nazo chumbani kwako, funga mlango kabisa, kaa pale utakapokuwa walala na pale utakapokuwa wasoma. Piga simu ya dakika mbili usikize kama sauti yakatika. Tuma voisi ya WhatsApp uone yachukua muda gani kwenda. Fungua vidio. Kisha panda darini, juu kabisa ya nyumba, ufanye tena hivyo hivyo, manake hata kama chumbani hakuna kitu, dari yenye upepo na mtandao yaweza kukutosha kusomea jioni.

Usidanganywe na vile vijiti vya mtandao juu ya simu. Vijiti vyaeleza kuwa simu yausikia mnara, havielezi mnara una watu wangapi. Ndo maana pima mara mbili, saa tatu usiku baada ya isha wakati mji mzima uko kwenye simu, na tena alfajiri. Laini iliyo nzuri alfajiri na imekufa saa tatu, jua hiyo imejaa watu. Tazama pia herufi: 4G sawa, 3G ama H yavumilika, ukiona E basi hapo utasoma meseji tu, picha utaingojea kama mgonjwa aingojea zamu yake.

Alafu kuna kukaa nje ya mji. Shela na Amu ni kutembea kama dakika arobaini kwa njia ya pwani lakini yashikayo huku si lazima yashike kule, Matondoni na Kipungani ndo kabisa uliza wenyeji, na kama masomo yako yatakupeleka Pate, Siyu ama Faza kufuata wazee na tenzi, usimuulize mtu wa Amu, mpigie mtu wa huko huko. Kumpigia tu ushajua, asipopatikana umepata jibu. Na ukiwa ndani ya boti mkipita Mkanda katikati ya mikoko, simu iweke mfukoni, utaitafuta netiweki mpaka chaji iishe.

Yule wa Bukavu alikuja na simu ya laini mbili na ndo alokuwa na raha kuliko wote. Kama bado hujanunua simu, nunua ya laini mbili, haya mengine yote yatakuwa rahisi.

Tatu: utamlipa nani na kwa nini

Wageni wengi hupima bei ya bando wakasahau pesa. Kenya laini si ya kupiga tu, ndo mfuko wako. M-Pesa ya Safaricom ilianza 2007 na sai hapa Amu mwenye boti aitaka, muuza mahamri aitaka, fundi viatu aitaka, mwenye punda alobeba begi lako aliitaka ukamwambia huna akaguna. Airtel Money iko, na tangu 2018 waweza kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwengine, lakini ukitaka kutoa keshi saa nne usiku mtaani Langoni mtoto ana homa, wakala wa M-Pesa utampata, wa upande wa pili utazunguka kwanza.

Kwa hivyo mimi huwaambia: hata kama chumba chako chashika Airtel vizuri zaidi, laini ya Safaricom itafute tu kwa ajili ya M-Pesa. Na hiyo haihitaji simu ya maana wala intaneti. Wabonyeza *334# menyu yaja, hata kwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, hata pale penye E. Nina mgeni alikuwa na Safaricom kwenye mulika mwizi ya kulipia na kupokelea simu, na Airtel kwenye simu kubwa ya bando, na kila mwezi alikuwa atumia pesa kidogo kuliko wenzake. Kama chumba chashika Safaricom vizuri na hutaki makuu, chukua hiyo moja basi yaishe.

Na kwa kuwa tuko hapa, jambo moja la makato. Kulipa dukani kwa till, ile nambari ya malipo ya duka, mteja hakatwi kitu. Kumtumia mtu shilingi 100 kurudi chini ni bure. Lakini kutoa keshi ndo kwenye mwiba: kwa bei zilizokuja 2023, ukitoa kuanzia 101 mpaka 2,500 makato ni 29 yale yale. Kuna kijana wa Tanga alikuwa atoa mia mbili kila asubuhi ya chai na mbaazi, akatwa 29 kila siku, kwa wiki ni zaidi ya mia mbili, yaani kila wiki alikuwa amlipa wakala kifungua kinywa cha siku nzima. Toa mara moja elfu mbili ukae nazo, ama mlipe mama mahamri kwa till yake.

Wa Tanzania, ndugu akiwa na M-Pesa ya Vodacom aweza kukutumia moja kwa moja kwenye M-Pesa ya huku tangu 2015, zaingia zishabadilishwa kuwa shilingi za Kenya. Mwambie kwanza asome makato na bei ya kubadilishia kabla hajabonyeza, na atume mara moja kubwa kuliko vipande vipande.

Nne: siku ya kusajili

Hii haina mambo mengi. Nenda duka la kampuni yenyewe ama wakala anayejulikana kwenye Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, mulize mwenye nyumba yako akupeleke, asubuhi kabla jua halijawa kali na foleni haijajaa. Beba paspoti yenyewe, si fotokopi wala picha kwenye simu. Laini kawaida haizidi shilingi mia. Kama hujatimiza miaka 18 sheria yataka mzazi ama mlezi asajili, kwa hivyo nyie mnaokuja chuoni wadogo ongeeni na ustadh mapema, msiende peke yenu mkarudishwa.

Wakati dada wa kaunta aandika, soma kwenye skrini yake. Mwambie "samahani dada, naomba nitazame jina". Majina yetu ya Kiislamu yana herufi nyingi za kupotea, Swaleh, Saleh, Salehe, na wa Ngazidja paspoti zao ni za Kifaransa, Saïd ina vidoti juu, Youssouf ina u za ziada, mwandikaji aandika anavyosikia. Jina la laini na jina la paspoti yakitofautiana hutajua mpaka siku wataka kutoa pesa nyingi ama umepoteza simu wataka laini upya. Dakika moja ya kusoma yakuokolea safari tatu.

PIN ya M-Pesa weka mwenyewe, geuka ukutani ukipenda, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa ambao uko kwenye paspoti uliyompa mtu sasa hivi. Ile kadi ya plastiki ilotoka na laini usiitupe, ina PUK, nambari ya kufungulia laini, siku ukikosea PIN ya laini mara tatu simu itaidai hiyo. Ipige picha uitume kwa ndugu yako wa kwenu.

Ukirudi nyumbani bonyeza *106#, yakuletea nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona nambari usioijua rudi dukani siku hiyo hiyo.

Kuhusu zile simu za mkopo za kulipa kila siku kidogo kidogo: mwanafunzi wa kutoka nje aachane nazo. Simu yajifunga ukikosa kulipa, na wewe kuna likizo wataka kwenda kwenu miezi miwili.

Tano: bando

Sasa huku ndo watu hupenda kuanzia, na mimi nimekuweka mpaka hapa makusudi.

Bando za huku zagawika kwa muda kuliko kwa ukubwa. Kuna za saa moja, masaa matatu, siku, wiki, mwezi, na kuna zile zisizo na mwisho wa muda ambazo Safaricom ilizileta 2019. Kwa Safaricom wabonyeza *544# wachagua. Ya saa moja yaonekana tamu sana, GB nzima kwa shilingi 20 hivi, wakati kwa pesa hiyo hiyo ya kutwa utapata vipande vya MB. Bei hubadilika kwa hivyo soma kwenye menyu yenyewe siku hiyo, lakini umbo la mchezo ni hilo hilo: muda mfupi data nyingi, muda mrefu data kidogo.

Mimi mwenyewe imenila. Nlikuwa na vidio za darsa za kudaunilodi, nikapanda darini saa kumi na mbili kasoro, nikanunua ya saa moja. Kufungua tu mamangu aniita niteremshe ndoo. Nikateremka. Kurudi juu, adhana ya magharibi. Amu misikiti ni mingi, yaadhiniwa huku na kule yapokezana, huwezi kujifanya hukusikia. Nikaenda nikaswali, nikasalimiana na watu mlangoni, nikarudi, meseji: bando yako imekwisha. Nlitumia MB sitini hivi. Shilingi ishirini si kitu, lakini fanya hivyo mara nne kwa wiki uone.

Ya saa moja ni kama kukodi boti, waikodi ukiwa ushajua waenda wapi. Kwenye notibuku ama kwenye simu andika wiki nzima vitu vyako vizito, vidio za masomo, vitabu vya PDF, apdeti za programu. Siku moja baada ya isha, umeshakula, umeshaswali, simu ina chaji, panda juu, nunua, shusha vyote kwa mpigo, funga. Siku zilobakia tumia bando ndogo ya wiki ama ile isiyo na mwisho kwa WhatsApp na barua pepe.

Na utajuaje wahitaji ngapi? Usikisie na usimuulize rafiki, yeye atazama mpira. Wiki ya kwanza weka ile isiyo na mwisho, kiasi cha kawaida, ishi maisha yako. Siku ya saba ingia kwenye setingi za simu penye matumizi ya data, itakuonyesha programu gani imekula kiasi gani. Ndo ununue kwa hesabu hiyo. Nyingi nilizotazama mwizi ni yule yule, WhatsApp yashusha yenyewe kila picha na vidio za magrupu, mtu ana grupu la ukoo, la mtaa, la madrasa, la harusi ya mwaka juzi ambayo waliooana washazaa. Zima ile ya kushusha yenyewe. Zima pia apdeti za programu kwa data. YouTube iteremshe iwe 480p, saa moja hapo hula kama nusu GB, ukiiacha ichague yenyewe yaweza kula mara mbili tatu ya hapo na uso wa mwalimu ni ule ule.

Kingine, bando ikiisha simu yaendelea kula salio lako la kawaida kwa bei ya juu. Ndani ya hiyo menyu ya *544# kuna mahali pa kufunga data isiguse salio, ifunge siku ya kwanza. Wangapi wamelala na salio la mia mbili wakaamka na sufuri.

Okoa Jahazi, *131#, ni kukopa salio. Wakata asilimia 10 hapo hapo, na ukiweka salio tena deni lachukuliwa kwanza. Hapa kwetu jahazi ni jahazi la kweli, likitoboka huliokoi kwa kulijaza maji mengine. Kopa siku ya dharura.

Kupiga kwenu, +255 ama +269, moja kwa moja kwa salio ni ghali kuliko kupiga humu ndani, watu wote hutumia WhatsApp. Ila kama una bibi kijijini hana simu kubwa, uliza bei ya dakika kabla hujapiga, weka salio la kiasi hicho tu, bibi akianza kukupa salamu za kila mmoja mtaani laini yenyewe itawakata kwa adabu.

Sita: ile nambari yako ya kwenu

Usiitupe na usiiondoe kwenye WhatsApp. Ukiweka laini mpya simu yaweza kukuuliza kama wataka kubadilisha nambari ya WhatsApp, kataa, endelea na ya zamani, watu wote wa kwenu washakujua kwayo. Laini ya kwenu ikae kwenye simu kama yakubali mbili, manake benki ya huko itatuma zile nambari za siri kwa meseji. Zima tu data ya ugenini kwenye laini hiyo, zima kabla hujavuka mpaka. Mmoja wetu alisahau, salio lake lote la nyumbani liliishia Lunga Lunga kwenye foleni ya kupiga muhuri.

Wezi

Watakupigia. Mgeni ama si mgeni watakupigia, ila mgeni Kiswahili chake chamjulisha. "Mimi ni wa huduma kwa wateja, laini yako yafungwa leo." Safaricom yenyewe hupiga kwa 0722 000 000 peke yake, nambari nyengine yoyote yajiita Safaricom kata. Ama watakuja na "nimekosea nimekutumia pesa, tafadhali nirudishie" na meseji yafanana kabisa na ya M-Pesa. Usitazame meseji, tazama salio lako. Na kama ni kweli mtu alikosea, mwambie atume ile meseji yake kwa 456 arudishiwe na kampuni, wewe usimrudishie kwa mkono. Ukikosea wewe, dawa ni hiyo hiyo 456, na uitume papo hapo kabla mwenzako hajatoa.

Kuna pia *100*100#, ya kufunga laini isibadilishwe na mtu mwengine bila wewe mwenyewe kufika. Ifanye ukiwa umekaa kwenye baraza wangojea chai.

Ukienda likizo

Laini isiyotumika miezi kadhaa hukatwa na nambari apewa mtu mwengine, na pesa zilizobaki ndani zakuwa kesi. Ukienda kwenu mfungo wa Ramadhani urudi baada ya Idi haina neno. Ukienda muda mrefu zaidi toa pesa zote kwanza, kisha ama uende nayo laini uiwashe mara moja moja, ama uiache kwa mtu unayemwamini, PIN usimwachie.

Kwetu kuna mulika mwizi tatu kwenye kidaka cha sebuleni, za wanafunzi walio kwao sasa hivi. Kila Alhamisi mamangu azichaji kwa zamu, atoka nazo dakani panaposhika, aweka salio la shilingi ishirini kila moja na aipigia moja kwa nyengine, ya Tanga yaipigia ya Bukavu, ya Bukavu yaipigia ya Ngazidja, kisha azirudisha kidakani.